Mvinyo Alioutema Nikodemu

Nikodemu Chidosa ana duara dogo katikati ya paji la uso, ukubwa wake kama kifungo cha shati. Bibi yake alimchanja akiwa na miaka mitatu, kwa ajili ya maradhi ya macho, kama walivyochanjwa watoto wenzake wa kijiji chao upande wa Hombolo, nje ya mji wa Dodoma. Mtanzania yeyote akimwona anajua huyu ni Mgogo kabla hajafungua mdomo. Wachina hawajui. Wachina aliwaambia alianguka na baiskeli.

Na aliyemfanya aseme hivyo ni mimi. Nalitoa hili mapema ili msomaji asije akanionea huruma mbele ya safari.

Naitwa Dullah, mtu wa Kilwa, wakala wa mizigo hapa Guangzhou. Ofisi yangu iko ghorofa ya saba ya jengo la Tianxiu: chumba kimoja, mizani moja, na birika la chai ambalo halizimwi. Wafanyabiashara wa Dar na Unguja wananiletea mizigo, naipima, naifunga, naipeleka bandari ya Huangpu ipakiwe kwenye kontena, na katikati ya hayo yote tunacheka. Nina mdomo. Marehemu mama alikuwa akisema mdomo wangu utanihamisha mji, na kweli nimefika China. Nikodemu alipita karibu kila siku kunywa chai, nami kila siku nilimpokea kwa maneno yaleyale: "Mgogo, leo sina chenji, pita kesho."

Asiye wa kwetu atauliza hapo kuna kichekesho gani. Ni kwamba Dar es Salaam watu wamezoea kusema kila ombaomba wa barabarani ni Mgogo. Ni uongo, ni maneno ya watu walioshiba, lakini yanachekesha vijiwe, na ofisini kwangu yalichekesha miaka mitano. Nikodemu naye alicheka. Alicheka kwa meno, akachukua kikombe chake, akakaa kwenye kiti cha dirishani. Nami nikijiambia, ah, ni utani tu. Lakini utani kwetu una wenyewe. Kuna makabila yaliyorithishana ruhusa hiyo tangu mababu, wanatukanana hadi msibani na hakuna anayenuna. Mimi na Nikodemu hatukurithishwa kitu. Ruhusa nilijipa mwenyewe.

Halafu utani una mpaka mmoja ambao hata mtoto anaujua: hautolewi mbele ya mgeni. Mpaka huo nao niliuvuka.

Nikodemu alikuja Guangzhou kwa ufadhili wa masomo, akasoma sayansi ya chakula, akamaliza, akaajiriwa na Bosi Kuang, mwenye duka kubwa la mvinyo kutoka nje, kwenye uchochoro mmoja unaotokea barabara ya Huanshi Zhonglu. Huko wakampeleka kwenye kozi ya kuonja. Kuonja mvinyo, nilivyoelezwa mimi nisiyekunywa, ni kuutia mdomoni, kuuzungusha, kuuvutia hewa, kisha kuutema kwenye ndoo na kutaja ulichokikuta: tunda gani, mti gani, udongo gani. Nikodemu alikuwa hodari. Bosi Kuang alimpenda. Wateja wa Kichina walikuwa wakija dukani kumtazama tu Mwafrika mwenye pua.

Siku moja Bosi Kuang alifuatana naye ofisini kwangu kuulizia bei ya kusafirisha sampo za mvinyo. Mimi bila kufikiri nikamtupia Nikodemu lile neno langu la chenji, watu wakacheka, na Bosi Kuang akaniuliza kwa Kichina tunacheka nini.

Ningeweza kusema hakuna kitu. Mei you, maneno mawili tu, nayasema mara mia kwa siku. Badala yake nikamfafanulia, kwa Kichina nilichojifunza kwa kubishana bei, nikimwita laoban, yaani bosi: "Laoban, huyu kwao ni kwa ombaomba. Unawajua kwa hiyo alama ya usoni."

Bosi Kuang akasema "Ah," akarudi kwenye simu yake. Nikodemu alikuwa amesimama na kikombe mkononi. Kichina anakijua kuliko mimi mara tatu. "Anatania, laoban," akasema upesi. "Mimi ni mtu wa Dar es Salaam. Hii nilianguka na baiskeli nikiwa mdogo." Tangu siku hiyo ndivyo alivyosema kwa kila aliyeuliza, na hata kwa ambao hawakuuliza. Sisi Watanzania tukaendelea kucheka. Tulimwita Mdar.

Mwezi wa tatu mwaka huu Bosi Kuang alimchukua wakaenda Italia, kwenye mji mdogo wa kale uitwao Montarsello, uliojengwa mgongoni mwa kilima. Haya ya huko alinisimulia yeye mwenyewe baadaye, nami nayaandika kama nilivyoyasikia.

Alisema mji wote ni jiwe, na njia zake ni ngazi. Unapanda, unapumzika, unapanda. Chini ya kila nyumba kuna handaki lenye mapipa, na harufu ya mvinyo inatoka kwenye matundu ya ukutani hadi barabarani. Juu kabisa kuna kanisa, na pande zote kilima kimevaa mizabibu hadi bondeni. Ulikuwa msimu wa kupogoa. Wanaume kwa wanawake walikuwa mashambani na mikasi, wakikata matawi ya mwaka jana, na Nikodemu akipita nao alijikuta mikono inamwasha. Baba yake analima zabibu ekari moja na nusu. Yeye alishika mkasi wa kupogolea kabla hajashika kalamu. Alimwona kijana mmoja anaacha macho ya kuchipua mengi mno kwenye tawi, akataka kumwambia, akanyamaza, kwa sababu mtu wa Dar angeyajulia wapi hayo.

Wakazunguka kwenye mahandaki siku mbili. Nikodemu alionja, akatema, akataja, Bosi Kuang akaandika. Siku ya tatu mwenyeji wao akawaambia kuna mzee mmoja anawasubiri. Si mfanyabiashara. Amesikia kuna kijana kutoka Tanzania, anaomba wapite kwake wanywe kidogo.

Mzee huyo anaitwa Oreste, ana miaka themanini na sita. Alikuwa amesimama mlangoni na koti la Jumapili, mjukuu wake Ilaria pembeni, msichana anayejua Kiingereza. Nikodemu alipofika ngazi ya mwisho, mzee akavua kofia, akasema kwa sauti kubwa: "Mbukwenyi!"

Hiyo ni salamu ya Kigogo. Nikodemu alikuwa hajaisikia kwa mdomo wa mtu tangu alipoondoka kwao.

"Moyo ulinipasuka, kaka," aliniambia. "Na Bosi Kuang yuko nyuma yangu, anahema kwa ngazi. Nikamjibu kwa Kiitaliano: buongiorno."

Wakaingia jikoni. Mezani palikuwa na albamu ya picha, mkate, na chupa moja isiyo na karatasi ya jina, vumbi limeachwa juu yake makusudi. Ilaria akaeleza. Babu alikuwa na kaka yake, Padre Guerino, aliyekwenda umisionari Tanganyika kabla ya uhuru na hakurudi tena ila kwa likizo. Alifia kule, Dodoma, mwaka tisini na saba, akazikwa kulekule. Babu hajawahi kwenda. Ndege anaziogopa, na sasa miguu nayo imekataa. Chupa hii ni ya zabibu ambazo Padre Guerino alizikanyaga kwa miguu yake likizo yake ya mwisho. Zimebaki mbili. Babu aliweka nadhiri kwamba moja ataifungua siku akija mtu wa kutoka kule.

Nikodemu alimjua Padre Guerino. Ndiye aliyembatiza. Ndiye aliyewafundisha baba yake, mzee Chidosa, na wenzake kukata mizabibu. Na padre alipokufa, watoto wa mafundisho waligawiwa siku za kufagia kaburi. Nikodemu alipewa Jumamosi. Alilifagia miaka mitano.

Mzee Oreste akafungua chupa. Akamimina kwenye glasi mbili. Kisha akafanya jambo ambalo Mwitaliano hafanyi, maana kule kila mtu hunywa kwenye glasi yake: alichukua glasi aliyomwekea Nikodemu, akanywa funda moja mbele yake, akaifuta ukingo kwa kidole, ndipo akampa. Sisi sote tunakijua kitendo hicho. Ni mwenyeji kumtoa mgeni wasiwasi, kumwonyesha kwamba pombe yangu ni safi, kama kuna kibaya kimenipata mimi kwanza. Guerino alimwandikia mdogo wake kwenye barua kwamba kule Ugogo ndivyo mgeni anavyokaribishwa, na mzee aliishika desturi hiyo miaka yote, asiye na wa kumfanyia.

"Nilielewa palepale," Nikodemu aliniambia. "Usije ukasema sikuelewa."

Akapokea glasi. Akautia mvinyo mdomoni. Bosi Kuang akamsogelea na daftari lake, akamwuliza kwa Kichina: "Vipi?"

Nikodemu akauzungusha mdomoni, akauvutia hewa kama alivyofundishwa. Akageuka. Akautema kwenye sinki la mzee.

"Umekufa," akasema kwa Kichina. "Umekuwa siki. Haufai."

Pengine angeokoka hapo, maana mzee hakijui Kichina. Lakini Bosi Kuang alikuwa na ile programu ya simu inayotafsiri, aliiacha wazi tangu asubuhi, nayo ikafanya kazi yake. Sauti ya msichana ikatoka kwenye simu, Kiitaliano safi, ikamwambia mzee jikoni mwake kwamba mvinyo umekufa na haufai.

Mzee akatazama sinki. Akachukua kitambaa, akajifuta mikono ambayo haikuwa na maji. Kisha akafungua albamu, akamwuliza Nikodemu, na Ilaria akatafsiri: "Babu anauliza kama unatoka Dodoma. Anauliza kama umewahi kuliona kaburi la kaka yake, lina hali gani."

Bosi Kuang bado alikuwa amesimama pale na daftari.

"Hapana," Nikodemu akasema. "Mimi ni wa Dar es Salaam. Dodoma sijawahi kufika."

Mzee akamtazama usoni muda mrefu. Kisha akaifunga albamu, akamwambia Ilaria awakatie wageni mkate.

Walirudi Guangzhou ule wakati wa unyevu, kuta zinatoka jasho na nguo hazikauki wiki nzima. Nikodemu hakuonekana ofisini siku kumi. Nilijua yuko mjini. Nilidhani Italia imempandisha kichwa, nikaandaa neno la kumshusha. Aliposukuma mlango mchana mmoja, nilikuwa peke yangu nafunga maboksi, nikamwahi: "Mgogo! Hata Ulaya hawakukupa chenji?"

Hakucheka. Miaka mitano, ndiyo siku ya kwanza hakucheka. Akakaa kwenye kiti chake cha dirishani, chai akaikataa, akanisimulia yote niliyoyaandika hapo juu, toka ngazi ya kwanza hadi mkate. Mkate aliula, alisema. Alishindwa hata kuukataa.

Nilikaa juu ya boksi na gundi mkononi. Uso ulinichoma. Nilijua vizuri mzee yule alitemewa mvinyo na nani.

"Niko," nikamwambia mwishowe, "mpigie baba yako. Aende kaburini apige video, umtumie mzee. Utasema umeitafuta kwa marafiki."

Alikubali. Siku ya tatu video ikaja. Mzee Chidosa alikuwa amevaa suti, simu ameishika jirani. Kaburi limepakwa chokaa, msalaba umenyooka, pembeni kuna kikopo cha maua. Mzee akaeleza kwa utaratibu, kama mtu anayetoa ripoti kwa mkubwa: padre yupo, hajasahauliwa, watoto wanafagia kwa zamu, mizabibu aliyoianzisha sasa iko kijiji kizima. Akamimina mvinyo wake kwenye kikombe, akanywa kidogo yeye, akamwaga uliobaki kwenye udongo wa kaburi. Halafu akaitazama simu.

"Na mwambieni huyo ndugu yake," akasema, "kwamba Nikodemu wangu, huyuhuyu anayemletea salamu, ndiye aliyekuwa akifagia hapa kila Jumamosi. Kwa hiyo asiwe na shaka. Kaburi lina wenyewe."

Tuliitazama mara mbili. Birika lilikuwa linachemka na hakuna aliyenyanyuka.

"Kata hicho kipande cha mwisho," nikamwambia. Ndiyo, ni mimi niliyesema, tena baada ya yote. "Simu inakata, sekunde mbili tu. Mzee atapata kaburi lake, na wewe hutaonekana mwongo."

Nikodemu alishika simu. Kidole kilifika kwenye ile alama ya mkasi, kikatoka, kikarudi.

"Nimkate baba yangu?" akaniuliza.

Akaituma nzima, pamoja na tafsiri ya maneno ya baba yake. Chini yake akamwandikia Ilaria kwamba yeye ni Mgogo wa upande wa Hombolo, kwamba aliyosema jikoni ni uongo, kwamba Padre Guerino alimbatiza, na kwamba anaomba radhi ingawa hajui ataiombaje.

Siku nane hakukuja jibu. Siku ya tisa alikuwa kwenye kiti chake simu ilipolia. Akasoma, akanipa nisome mwenyewe. Nimeomba ruhusa yake kuyaandika maneno ya Ilaria, nayo ni haya:

"Babu ameitazama video mara nne, mara ya nne amesimama. Anamshukuru baba yako. Anasema usiombe radhi kwa uongo, kwa sababu hukumdanganya. Alijua tangu ulipokuwa kwenye ngazi. Kwenye picha za padre kila mtu ana duara hilo kwenye paji, wakubwa kwa watoto. Tangu akiwa kijana anaziangalia nyuso hizo. Uliposema hujafika Dodoma nilitaka kukuonyesha albamu. Babu akaifunga. Mlipoondoka aliniambia: kijana yuko kazini, bwana wake anamtazama, sisi ni nani tumwaibishe. Chupa ya pili ipo. Anasema ni yako, ukija hata ukiikuta imekufa utainywa."

Nikodemu alifunika uso kwa mikono yote miwili, pamoja na lile duara. Mimi nilitoka nje nikasimama kwenye korido karibu na lifti, nikajifanya nangoja mzigo. Mkulima wa Kiitaliano ambaye hajapanda ndege alimsitiri Nikodemu kwa dakika chache alizokaa naye, tena baada ya kutemewa. Mimi nimekaa naye miaka mitano, tunakula sahani moja, ninasali, ninafunga, na siku ya kumsitiri kwa maneno mawili tu nilimtoa uchi.

Kesho yake nilishuka nikaenda dukani kwa Bosi Kuang. Sikumwambia Nikodemu. Nilikuwa nimepanga maneno yangu ya Kichina njia nzima ya Huanshi Zhonglu, nikiyarudia midomoni hadi watu wakanitazama. Nilimkuta Bosi anapanga chupa.

"Laoban," nikasema, "nimekuja kufuta neno. Siku ile ofisini kwangu nilikwambia Nikodemu kwao ni kwa ombaomba. Ni uongo wangu. Wao ni wakulima. Baba yake analima zabibu, na hiyo alama ni heshima ya kwao."

Bosi Kuang aliweka chupa chini. Akanitazama kama anatafuta kitu nyuma ya kichwa changu.

"Siku gani hiyo?" akauliza.

Nikamkumbusha: siku ya sampo, tulipocheka, akaniuliza tunacheka nini. Akafikiri kwa uaminifu kabisa, nilimwona akijitahidi.

"Sikumbuki," akasema. "Wewe husema mambo mengi." Kisha uso wake ukabadilika. "Baba yake analima zabibu? Mbona hakuniambia? Ningemtangaza kwa wateja."

Niliaga nikatoka. Nilipofika kwenye taa za barabarani, ziliwaka kijani mara mbili sijavuka. Neno langu yule mtu alikuwa amelisahau labda kabla lifti haijafika chini. Nikodemu peke yake ndiye aliyelibeba, akapanda nalo kilima cha watu, akatema kwa ajili yake mvinyo wa padre aliyembatiza, akamkana mbele ya ndugu yake. Na hapakuwa na mtu anayemtazama.

Hilo sijamwambia. Nimeshindwa. Naliandika hapa nikijua siku moja atalisoma, na siku hiyo sijui nitamtazamaje.

Bado anakuja kunywa chai. Namwita kwa jina lake, na wengine nimewakataza lile neno, kwa ukali hata wamenishangaa. Lakini kila akisukuma mlango, Nikodemu husimama kidogo pale kizingitini kabla ya kuingia, tabasamu lake ameshaliandaa, anangoja nimwambie sina chenji.